MADA YA SABA: SALA NA HUDUMA KWA WATOTO WASIO NA MAJI SAFI NA VYOO BORA

Malengo ya mada
Baada ya kusoma mada hii uweze:
1. Kueleza uhusiano uliopo kati ya sala na huduma katika maisha ya Mkristo.
2. Kutaja na kufafanua mafundisho ya Biblia kuhusu maji, usafi na watoto.
3. Kueleza madhara ya ukosefu wa maji safi na vyoo bora kwa mtoto.
4. Kupendekeza huduma ambazo kijana Mkristo anaweza kuzifanya mahali alipo.
5. Kujibu maswali ya insha ya mada hii kwa hoja zilizokamilika.

Utangulizi
Watahiniwa wengi huona mada hii nyepesi, kwa sababu kila mmoja amewahi kubeba ndoo na kila mmoja anajua kusali. Wakifika kwenye mtihani huandika kwamba Wakristo wawaombee watoto na wawasaidie, kisha wanaishiwa maneno. Jibu la namna hiyo halina mafundisho ya Biblia, halina mfano na halina maelezo. Isome mada hii taratibu, ukiwa na Biblia yako pembeni, na ufungue kila andiko linalotajwa.

Kisa cha kujadili
Kikundi cha wanafunzi Wakristo katika shule moja ya sekondari hukutana kila Ijumaa jioni. Kila Ijumaa huwaombea watoto wa shule ya msingi ya jirani, na katika muhula mmoja wamesikia mara tatu kwamba watoto wa pale wanaumwa tumbo. Ijumaa moja wanapata habari kwamba mtoto wa darasa la pili amefariki kwa kuhara. Mmoja wao anasema mama yake amelaaniwa. Mwingine anasema ni mapenzi ya Mungu. Msichana wa kidato cha tatu ananyoosha mkono na kuuliza: "Tumewaombea muhula mzima. Kuna anayejua wanakunywa maji gani?" Hakuna anayejibu.

Kabla hujaendelea, andika kwenye daftari: ungewajibu nini wale wawili wa kwanza? Na swali la msichana linahusu imani au halihusu? Tutakirudia kisa hiki mwishoni.

7.1 Maana ya maneno muhimu
Sala ni mazungumzo ya mtu na Mungu. Aina zake kuu ni sala ya kusifu, ya toba, ya shukrani na ya maombi. Sala ya kumwombea mtu mwingine huitwa maombezi.

Huduma ni kazi ambayo Mkristo humfanyia mwenzake kwa upendo, bila kudai malipo, akifuata mfano wa Yesu aliyewaosha wanafunzi wake miguu (Yohana 13:1-15).

Maji safi na salama ni maji yasiyo na vimelea vya magonjwa wala kemikali zenye madhara. Zingatia kwamba maji yanaweza kung'aa kwa macho na bado yasiwe salama.

Choo bora ni choo kinachotenganisha kinyesi na binadamu, nzi na vyanzo vya maji. Kina sakafu inayosafishika, kinamsitiri mtumiaji, na pembeni yake kuna mahali pa kunawa mikono kwa maji na sabuni.

7.2 Hali halisi
Takwimu za pamoja za Shirika la Afya Duniani na UNICEF zinaonyesha kwamba mwaka 2022 watu bilioni 2.2 duniani hawakuwa na huduma ya maji ya kunywa yaliyo salama, na watu bilioni 3.5 hawakuwa na huduma salama ya vyoo. Watu milioni 419 walikuwa bado wanajisaidia vichakani, mashambani au kando ya maji.

Nchini Tanzania, Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Kwa shule, mwongozo wa taifa unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Linganisha viwango hivyo na mahali unapoishi na shule unayosoma. Ulinganisho huo ni mfano ambao hakuna mwenzako atakayekuwa nao kwenye karatasi yake.

Madhara kwa mtoto
(a) Magonjwa. Kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo huenezwa na maji au chakula chenye vimelea vilivyotoka kwenye kinyesi. Minyoo hutokana na uchafu wa mazingira. Kichocho humpata mtoto anayeoga au kucheza kwenye maji yenye konokono wanaobeba vimelea vyake. Trakoma, inayoweza kuleta upofu, huenea kirahisi pale ambapo watoto hawapati maji ya kunawa uso.
(b) Vifo. Mtoto anayehara hupoteza maji na chumvi mwilini kwa haraka. Akikosa kurudishiwa anaweza kufa, hata kama ugonjwa wenyewe ungetibika kwa gharama ndogo.
(c) Kudumaa. Mtoto anayehara mara kwa mara hanufaiki na chakula anachokula.
(d) Kukosa masomo. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 za maji, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Anayeifuata mbali asubuhi hufika shuleni amechelewa na amechoka.
(e) Kupoteza heshima. Msichana aliye kwenye hedhi, katika shule yenye vyoo visivyo na milango wala maji, huamua kubaki nyumbani. Hukosa vipindi kila mwezi.
(f) Hatari za njiani. Watoto wanaokwenda kisimani alfajiri au kichakani usiku hukutana na nyoka, wanyama wakali na watu wenye nia mbaya.

7.3 Biblia inafundisha nini?
1. Mungu husikia kilio cha mtoto mwenye kiu (Mwanzo 21:14-19). Hajiri na mwanawe waliishiwa maji nyikani. Mama alimlaza mtoto chini ya kijiti akakaa mbali ili asimwone akifa. Mungu alisikia sauti ya kijana, akamfumbua mama macho, naye akaona kisima. Angalia hatua ya mwisho: Hajiri aliinuka, akajaza kiriba, akamnywesha mtoto. Mungu alijibu, na mkono wa binadamu ukafanya kazi.

2. Usafi wa mazingira ni sehemu ya utii (Kumbukumbu la Torati 23:12-14). Waisraeli waliagizwa kuwa na mahali nje ya kambi pa kujisaidia, wawe na kifaa cha kuchimbia, na wafukie kinyesi. Sababu iliyotolewa ni kwamba Bwana hutembea katikati ya kambi. Basi kujenga choo si jambo la bwana afya peke yake.

3. Tatizo litatuliwe kwenye chanzo (2 Wafalme 2:19-22). Watu wa Yeriko walimweleza Elisha kwamba mji wao ni mzuri ila maji yake ni mabaya. Elisha alikwenda hadi kwenye chemchemi yenyewe. Usiandike kwamba chumvi husafisha maji. Andiko linasema Bwana ndiye aliyeyaponya.

4. Kuchafua maji ya wengine ni dhuluma (Ezekieli 34:18-19). Nabii anawakemea wanaokunywa maji safi kisha wanayavuruga kwa miguu yao, na wanyonge wakabaki na matope. Andiko hili linafaa sana ukieleza uchafuzi wa mito na visima.

5. Kumhudumia mwenye kiu ni kumhudumia Kristo (Mathayo 25:35-40). Taja pia Mathayo 10:42, kuhusu kikombe cha maji baridi. Ukilitumia, kumbuka kwamba "wadogo" wa pale kwanza ni wanafunzi wa Yesu. Kanisa limepanua fundisho hilo kwa kila mnyonge.

6. Watoto wana nafasi ya pekee (Marko 10:13-16). Yesu alichukizwa pale wanafunzi walipowazuia watoto, akawakumbatia na kuwabariki.

7. Imani bila matendo imekufa (Yakobo 2:14-17). Yakobo anatoa mfano wa mtu anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani bila kumpa chochote. Soma pia 1 Yohana 3:17-18.

8. Mgonjwa asihukumiwe (Yohana 9:1-3). Wanafunzi waliuliza ni dhambi ya nani iliyosababisha upofu. Yesu alikataa kumtwika lawama yule kipofu au wazazi wake. Hapo unapata jibu la yule aliyesema mama wa marehemu amelaaniwa.

7.4 Nafasi ya sala
Sala si mbadala wa kazi, wala kazi haiondoi haja ya sala. Nehemia 4:9 inaeleza vizuri: Wayahudi walipotishwa na adui, walimwomba Mungu na wakaweka walinzi mchana na usiku. Sala na ulinzi vilikwenda pamoja.

Kwa habari ya watoto wasio na maji, sala ina kazi zifuatazo:
- Humfumbua mwombaji macho, kama Hajiri, aone kisima ambacho hakukiona.
- Humfanya atubu. Huenda yeye ndiye anayetupa taka mtoni au anayeacha bomba la shule likitiririka.
- Humpa subira. Mradi wa maji huchukua miaka, na wengi huuacha njiani.
- Huwafariji waliofiwa. Mtoto akishafariki, kisima hakimrudishi; mama anahitaji watu wa kukaa naye na kusali naye.
- Huwakumbusha wahudumu kwamba wao si waokozi, ni watumishi.

Mfano wa sala ya maombezi
Ee Mungu, uliyesikia sauti ya mtoto nyikani, sikia na sauti za watoto wanaoamka na ndoo kabla ya jua. Utusamehe sisi tuliopita kando ya kisima chao kichafu bila kuuliza. Uwaponye wanaoumwa, uwafariji waliofiwa. Uwape hekima viongozi na mafundi. Utuonyeshe kazi iliyo ndani ya uwezo wetu, na utupe nguvu ya kuianza wiki hii. Amina.

Sala hii inamtaja anayeombewa, ina toba, ina ombi, na inamrudishia mwombaji wajibu. Ukiulizwa utunge sala, hakikisha mambo hayo manne yamo.

7.5 Nafasi ya huduma
A. Huduma ya kanisa na taasisi
Tanganyika Christian Refugee Service, iliyoanzishwa mwaka 1964 na kuhusishwa na Shirikisho la Walutheri Duniani, imehudumia wakimbizi nchini, na maji ni miongoni mwa kazi zake. Mwaka 2015 Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si', alifundisha kwamba kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya binadamu. Fundisho hilo linakubaliana na azimio la Umoja wa Mataifa la Julai 2010 lililotambua haki ya maji na usafi wa mazingira, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao ibara yake ya 24 inataja maji safi ya kunywa.

B. Huduma ya taifa
Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Wananchi walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Fundisho lake kwetu ni kwamba mikono ya kawaida ikipangwa inaweza kufanya kazi kubwa. Leo Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, ulioanza mwaka 2019, ndio wenye jukumu la maji vijijini, ukishirikiana na vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii.

C. Huduma ya kijana wa kidato cha nne
Huna fedha za kuchimba kisima kirefu. Usiandike kwenye mtihani kwamba utachimba. Andika mambo unayoyaweza:
- Kutengeneza kibuyu chirizi. Unahitaji dumu la lita 5, kamba, miti na sabuni. Dumu linaning'inizwa, linatobolewa tundu dogo, na kamba inafungwa kwenye kijiti cha kukanyagia. Mtoto ananawa bila kushika dumu kwa mikono michafu.
- Kufundisha watoto kunawa mikono baada ya kutoka chooni na kabla ya kula.
- Kufundisha nyumbani njia za kutibu maji: kuyachemsha mpaka yatokote, au kuyatia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha kuyahifadhi kwenye chombo safi chenye kifuniko.
- Kujua huduma ya kwanza ya mtoto anayehara. Apewe ORS na apelekwe kituo cha afya. Ikikosekana, changanya lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, anyweshwe kidogo kidogo akiwa njiani. Usizidishe chumvi.
- Kuomba, kupitia mwalimu mlezi, nafasi ya kuzungumza na kamati ya shule au serikali ya kijiji kuhusu vyoo. Mithali 31:8 inatutaka tumsemee asiyeweza kujisemea.

7.6 Kanuni za huduma njema
1. Isibague. Msamaria mwema hakuuliza dini ya majeruhi (Luka 10:25-37). Kisima cha kanisa kinywewe na mtoto wa Kiislamu, wa Kikristo na asiye na dini.
2. Isidhalilishe. Usimpige picha mtoto mchafu ili usifiwe (Mathayo 6:1-4).
3. Ishirikishe wenyeji. Pampu iliyoletwa bila kuwashirikisha hufa siku kipuri kinapoharibika.
4. Izingatie ujuzi. Choo cha shimo kisichimbwe karibu na kisima. Umbali unaoshauriwa kwa kawaida ni mita 30 au zaidi, tena kisiwe upande wa juu wa mteremko.
5. Idumu. Kibuyu chirizi kisichojazwa maji kila asubuhi ni dumu tupu.

7.7 Swali la insha na jibu la mfano
Swali: "Kumwombea mtoto mwenye kiu bila kumpa maji si sala ya Kikristo." Jadili kauli hii kwa hoja sita.

Mpango wa jibu
Utangulizi: Eleza maana ya sala na huduma. Onyesha msimamo wako: kauli ina ukweli mkubwa, ila inahitaji kuwekewa mpaka.

Hoja zinazounga mkono:
(i) Yakobo 2:14-17 inakataa maneno matupu kwa mhitaji.
(ii) Mathayo 25:35-40 inataja tendo la kumnywesha mwenye kiu.
(iii) Nehemia 4:9 inaonyesha waombaji waliochukua hatua.
(iv) Elisha alikwenda kwenye chemchemi yenyewe.

Hoja zinazoweka mpaka:
(v) Yupo asiyeweza kutoa maji, kama mgonjwa, mzee au mtoto mwenzake. Sala yake ni huduma kamili, kwa kuwa ametoa alichonacho, kama mjane wa Marko 12:41-44.
(vi) Yapo mambo ambayo maji hayatoshi kuyatimiza, kama faraja ya mfiwa na ujasiri wa kuendelea.

Hitimisho: Anayeweza kutoa maji akasali tu, sala yake inamshitaki. Asiyeweza akasali, Mungu anamsikia.

Makosa ya kuepuka
- Kurudia hoja moja kwa maneno tofauti.
- Kutaja andiko bila kueleza linahusianaje na swali.
- Kuandika mahubiri badala ya mjadala.
- Kusahau utangulizi au hitimisho.

Turudi kwenye kisa
Msichana aliuliza watoto wanakunywa maji gani. Swali lake linahusu imani moja kwa moja, kwa sababu ndilo linaloyageuza maombezi kuwa upendo unaomjua anayeombewa. Aliyesema ni mapenzi ya Mungu hajakosea kumtaja Mungu. Amekosea kumtwika Mungu kazi ya choo kisichojengwa. Hatua za kikundi zingeweza kuwa hizi: kwenda kumpa pole mama wa marehemu, kumwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kutembelea shule, kuona kisima na vyoo, kuweka vibuyu chirizi, kupeleka taarifa kwa serikali ya kijiji, na Ijumaa inayofuata kuomba tena, safari hii wakitaja mambo waliyoyaona kwa macho.

Maswali ya zoezi
1. Taja aina nne za sala na utoe mfano wa kila moja kwa kuhusisha na watoto wasio na maji.
2. Eleza mafunzo manne ambayo Mkristo anayapata katika habari ya Hajiri nyikani.
3. Fafanua madhara matano ya ukosefu wa vyoo bora kwa wanafunzi wa kike na wa kiume.
4. "Usafi wa mazingira hauhusiani na imani." Pinga kauli hii kwa hoja sita, ukitumia Agano la Kale na Agano Jipya.
5. Tunga sala ya maombezi isiyozidi maneno 80 kwa ajili ya shule isiyo na maji, kisha eleza hatua tatu ambazo mwombaji anapaswa kuzichukua.
6. Tembelea vyoo vya shule yako. Hesabu matundu na wanafunzi, linganisha na kiwango cha taifa, kisha eleza katika aya moja nini kifanyike kwanza, na nani akifanye.

Swali la 6 halitatokea kwenye mtihani. Lifanye kabla ya lile la 4, nawe utaona jinsi hoja zitakavyokujia kwa urahisi.